Alfa ni 0.91, mbona msimamizi anasema data zangu haziaminiki?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwinjilisti, niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya theolojia. Utafiti wangu unahusu mchango wa jumuiya za nyumba kwa nyumba katika utoaji wa washarika. Daftari la usharika lina watu wazima 1,200, nikatumia fomula ya Yamane nikapata sampuli ya 300. Hojaji ilikuwa na sentensi 40 za kukubali au kukataa. Tuliigawa baada ya ibada, Jumapili mbili mfululizo, na wazee wa kanisa walinisaidia kukusanya. Juu ya kila karatasi niliweka nafasi ya namba ya bahasha ya sadaka ya mshiriki ili nisichanganye watu. Alfa ya Cronbach ni 0.91. Asilimia 84 wamesema wanahudhuria jumuiya kila wiki, na hao ndio wanaosema wanatoa zaidi, kwa hiyo nimehitimisha kuwa jumuiya huongeza utoaji. Msimamizi amerudisha sura ya nne ameandika pembeni: 'Vipimo haviaminiki. Linganisha na madaftari ya jumuiya.' Nimelinganisha, na hayafiki hata nusu ya hapo. Je, washarika wamenidanganya? Nianze upya wakati natetea tasnifu miezi mitatu ijayo?"

Marahaba, mwinjilisti, na pole. Naona kinachokuumiza ni zaidi ya maneno ya msimamizi. Ulifuata kila ulichofundishwa darasani, programu ikakupa namba nzuri, kisha daftari lililochakaa la katibu wa jumuiya likaikana kazi yote. Nikupe majibu mafupi kwanza ili utulie: washarika wako hawakukudanganya kwa maana unayoiogopa, na huna haja ya kuanza upya. Lakini hitimisho lako, kama lilivyoandikwa sasa, halitetewi, na itakubidi urudi uwanjani wiki chache kabla ya kuligusa tena.

Tuanze na hiyo 0.91, maana ndiyo iliyokupa ujasiri. Alfa, kipimo alichokieleza Lee Cronbach mwaka 1951, hujibu swali moja dogo: je, maswali haya yanakwenda pamoja? Mtu aliyekubali sentensi ya tatu, huwa anakubali na ya tisa na ya ishirini? Basi, inaishia hapo. Haijui kama majibu ni ya kweli, wala kama maswali yanapima kile kilichoandikwa kwenye kichwa cha hojaji. Mizani iliyochezewa ya mnunuzi wa kahawa, hata ukipima gunia lile lile mara kumi, itakupa jibu lile lile mara kumi, na mara zote kumi mkulima amepunjwa. Huo ni uthabiti bila uhalali. Wanafunzi wengi huandika "alfa imezidi 0.7, hivyo hojaji ni halali". Sentensi hiyo ni kosa, hata kama umeikuta katika tasnifu zilizopitishwa zamani.

Tena alfa hupanda kwa wingi wa maswali tu. Chukua maswali 40 ambayo kila mawili yanahusiana kwa 0.2, uhusiano hafifu kabisa. Zidisha 40 kwa 0.2, unapata 8. Kisha zidisha 39 kwa 0.2, ongeza 1, unapata 8.8. Gawa 8 kwa 8.8: ni 0.91. Namba yako hiyo hiyo. Maswali 10 yenye uhusiano ule ule yangekupa 0.71. Sisemi maswali yako ni hafifu kiasi hicho, ila alfa peke yake haiwezi kutuambia kama ni hafifu au la.

Halafu sentensi zako zote 40 zinaelekea upande mmoja, upande wa wema: "Jumuiya imenisaidia kukua kiroho", "Napenda kumtolea Mungu", "Nahudhuria jumuiya kila wiki". Mtu mwenye adabu zake, aliyepewa karatasi na mwinjilisti wake huku mzee wa kanisa amesimama pembeni, atashuka na safu ya "nakubali sana" kutoka juu hadi chini. Tabia hiyo ya kuitikia kila kitu yenyewe huyafanya maswali yaonekane yanakwenda pamoja, na alfa inapanda. Fanya hivi leo jioni: chukua zile karatasi 300, tenga zote zenye alama kwenye safu moja kuanzia sentensi ya kwanza hadi ya 40, uzihesabu. Idadi hiyo uiandike kwenye sura ya nne bila kuificha. Kisha gawanya maswali kwa mafungu, yaani yanayohusu mahudhurio, utoaji, imani, na ukaribu na majirani, upige alfa ya kila fungu peke yake. Charles Glock na Rodney Stark walishaonyesha tangu miaka ya 1960 kwamba dini ya mtu ina pande nyingi: anachoamini, anachotenda, anachopitia moyoni, anachokijua, na matokeo yake katika maisha. Mtu anaweza kuwa juu upande mmoja na chini upande mwingine. Ukizichanganya zote kwenye chungu kimoja hujui tena umepima nini.

Sasa lile linalokuuma: je, walidanganya?

Mwaka 1993 watafiti watatu wa Marekani, Kirk Hadaway, Penny Long Marler na Mark Chaves, walichapisha kazi ambayo kila anayetafiti maisha ya kanisa angepaswa kuijua. Kwa miaka mingi kura za maoni zilikuwa zikisema kwamba karibu asilimia 40 ya Wamarekani wameenda kanisani wiki iliyopita. Hao watatu wakaenda wilaya moja ya Ohio, Ashtabula, wakapita karibu kila barabara ya lami kutafuta hata makanisa yasiyo kwenye orodha yoyote, wakakusanya hesabu za mahudhurio, na penginepo wakahesabu magari yaliyoegeshwa nje. Waprotestanti waliosema wamehudhuria walikuwa asilimia 36 hivi. Hesabu ya vichwa ilitoa takriban 20. Kwa Wakatoliki, walipolinganisha kura za maoni na hesabu za majimbo 18 ya Kanisa Katoliki, asilimia 51 waliojitaja waligeuka 28.

Ashtabula haikuwa na waongo kuliko kwingine. Mtu anapoulizwa "unahudhuria?", mara nyingi anajibu swali jingine lililo chini yake: wewe ni mtu wa namna gani? Na yeye ni Mkristo, ni mtu wa jumuiya, hilo ni kweli kabisa moyoni mwake, hata kama wiki hii mtoto aliugua na wiki iliyopita ilikuwa zamu yake kazini. Stanley Presser na Linda Stinson walilipima jambo hili mwaka 1998: watu walipojijazia wenyewe, au walipoombwa kueleza tu siku yao ilivyokwenda bila kutajiwa kanisa, mahudhurio yaliyoripotiwa yalishuka kwa karibu theluthi moja. Kilichowasukuma kupandisha kilikuwa zaidi yule aliyekaa mbele yao anauliza.

Na wewe uliweka nani mbele yao? Wewe mwenyewe mwinjilisti, na wazee wa kanisa, yaani watu wale wale ambao kesho mshiriki atawaendea kuomba barua ya ndoa au huduma ya mazishi. Katika sharika nyingi ushiriki wa jumuiya huulizwa kabla ya huduma hizo kutolewa. Kama kwenu ni hivyo, mshiriki ana sababu nzito ya kusema yupo. Juu yake ukaongeza namba ya bahasha. Mama anayeahidi elfu hamsini kwa mwaka na bado hajamaliza kulipa anajua fika kwamba namba ile ni jina lake. Hapo hata mkweli atasita. Nitairudia namba hiyo, maana ina tatizo kubwa kuliko la takwimu.

Twende kwenye sampuli. Fomula ya Taro Yamane imetumika vizuri kihesabu: zidisha 1,200 kwa 0.05 mara mbili, ongeza 1, unapata 4, na 1,200 ukigawa kwa 4 ni 300. Lakini fomula ile inakuambia wangapi, haikuambii nani. Inachukulia kwamba kila jina kati ya 1,200 lilikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Wewe ulichukua waliobaki uani baada ya ibada. Tazama kinachotokea. Tuseme kuna watu 100 wanaosali kila Jumapili na wengine 100 wanaofika mara moja kwa wiki nne. Kweli yenyewe ni nusu kwa nusu. Jumapili yoyote utakayosimama mlangoni utawakuta wale 100 wote, na 25 tu wa kundi la pili. Kwa hiyo asilimia 80 ya waliopo ni watu wa kila wiki, kabla hujauliza swali hata moja. Wasiokuja kabisa hawamo popote. Na kwa kuwa wanaofika ibadani kila wiki ndio aghalabu wanaofika jumuiya, asilimia 84 yako ilishaandaliwa na mlango wa kanisa.

Kosa hili si la wanafunzi tu. Mwaka 2025 Bible Society ya Uingereza ilitangaza, kwa takwimu za kampuni ya kura za maoni ya YouGov, kwamba vijana wa miaka 18 hadi 24 wanaofika kanisani angalau mara moja kwa mwezi walipanda kutoka asilimia 4 mwaka 2018 hadi 16 mwaka 2024. Habari ilisambaa na watu walifurahi. Wataalamu wa takwimu za dini wakahoji, kwa sababu wahojiwa walitoka kwenye orodha ya watu waliojiandikisha wenyewe mtandaoni kujibu maswali, na tafiti zilizochagua watu kwa bahati nasibu hazikuonyesha kupanda kwa namna hiyo. Wahojiwa walikuwa maelfu, ila wingi haukuliondoa swali la jinsi walivyopatikana.

Kwetu Tanzania tuna ugumu wa ziada. Sensa haijauliza dini tangu mwaka 1967, hivyo hakuna hesabu ya nje unayoweza kuilaza kando ya daftari lako. Kenya waliuliza kwenye sensa ya 2019, na mtafiti wa huko ana pa kushikia. Wewe una daftari la usharika tu, na madaftari yetu tunayajua: yana marehemu, yana waliohamia Dodoma, yana binti aliyeolewa usharika mwingine na jina bado lipo. Hiyo 1,200 yenyewe inahitaji kukaguliwa kabla haijawa msingi wa asilimia yoyote.

Hapo hapo nikutahadharishe usikimbilie upande wa pili ukadhani daftari la jumuiya ndiyo kweli yenyewe. Nalo ni kipimo, lina makosa yake. Katibu huandika alfajiri, taa hafifu, watu wameanza kuimba. Waliochelewa hawaandikwi. Nyumba nzima huingia kwa jina moja la mama mwenye nyumba. Kwingine huandikwa hata wasiokuwepo, kwa sababu jumuiya haitaki kusomwa ya mwisho kwenye matangazo. Na pale mchango ambao usharika hupeleka ngazi za juu za kanisa unapopangwa kwa kuangalia idadi ya washarika, kipo kishawishi cha kuandika wachache. Ibada nazo zina lake: ibada ya kwanza na ya pili zikijumlishwa, wanakwaya walioimba zote mbili wamehesabiwa mara mbili. Hojaji inaelekea kupandisha, daftari linaweza kupandisha au kushusha. Kazi yako ni kueleza kila kimoja kinakosea upande gani na kwa nini, na kuyapa hayo maelezo nafasi ya kutosha kwenye sura ya nne.

Hitimisho lako ndilo linalonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu baraza la wazee litalisoma na kulifanyia kazi. Ukisema jumuiya huongeza utoaji, mtu atapendekeza kuwabana wasiohudhuria, na atakayebanwa ni mjane asiyeweza kupanda kilima alfajiri. Je, umeonyesha kwamba jumuiya inaongeza? Inawezekana mambo yako kinyume: anayetoa vizuri hajisikii vibaya kwenda mahali ambapo ahadi zinatajwa, na asiye na kitu anajificha nyumbani. Inawezekana kuna jambo la tatu linaloyavuta yote mawili, kama kipato, umri, ndoa, au kuishi karibu na kanisa. Swali jingine uliangalie leo kwenye hojaji yako: "utoaji" ulijumuisha sadaka ya jumuiya? Kama ndiyo, basi anayehudhuria ametoa zaidi kwa sababu tu kapu limepita mbele yake, na hapo umekipima kitu kwa kitu hicho hicho. Halafu utoaji wenyewe ni wa kujitaja tu, umetoka kwa watu wale wale, kwenye karatasi ile ile, kwa mkono ule ule unaoitikia kila sentensi. Vitu viwili vikipandishwa na tabia moja vitaonekana ndugu hata kama havihusiani.

Sasa la kufanya, ukiwa na miezi mitatu. Kuanza upya na watu 300 wengine kwa njia ile ile hakutakusaidia, na kutupa data ni hasara. Ningekuwa wewe ningezibakiza hojaji kama zilivyo, nikaongeza ushahidi mdogo mdogo wa aina nyingine kando yake. Wa kwanza ni watu 40 kutoka daftarini: chagua kwa kura namba kati ya 1 na 30, anzia hapo, kisha chukua kila jina la 30 hadi mwisho wa orodha. Watafutwe majumbani au kwa simu na mtu asiye na cheo kwenu, ikiwezekana mwanafunzi mwenzako wa dhehebu jingine. Utajua kwanza wangapi wamefariki au wamehama. Waliopo waulizwe juu ya wiki iliyopita tu: siku ya jumuiya asubuhi ulikuwa wapi? Na kama alikuwepo, jumuiya ilifanyika nyumbani kwa nani? Aliyekuwepo anajibu bila kufikiri, na asiyekuwepo hujirekebisha mwenyewe bila kuaibishwa. Watu 40 ni wachache, asilimia utakayoipata inaweza kupungua au kuzidi kwa takriban 15, na uandike hivyo. Hata hivyo nitawaamini kuliko 300 wa uani.

Wa pili ni kuhesabu vichwa. Jumuiya nne au tano, wiki nne, wahesabuji wawili ambao hawaoneshani karatasi hadi mwisho, na wote wahesabu wakati mmoja uliokubaliwa, tuseme neno linapoanza kusomwa. Wakitofautiana sana, hesabu yako bado haijawa thabiti, na kasoro kwa kawaida iko kwenye maelekezo: watoto wanahesabiwa? Mgeni je? Kwa utoaji, mwombe mhazini jumla za kila jumuiya bila majina, za miaka miwili, ulinganishe mwezi na mwezi ule ule wa mwaka uliotangulia, kwa sababu msimu wa mavuno unaweza kukufanya uone muujiza ambao ni kalenda tu. Kama kuna jumuiya iliyolala miezi kadhaa kisha ikafufuka, hapo una kitu cha kuangalia kwa makini kuliko asilimia zote.

Wa tatu ni kukaa na watu sita au wanane walioacha jumuiya, mmoja mmoja, nje ya eneo la kanisa. Usiwaone hawa kama nyongeza ya kupamba tasnifu. Yvonna Lincoln na Egon Guba, katika kazi yao ya mwaka 1985, walieleza kwamba utafiti wa maneno nao una njia zake za kuaminika: kuwarudishia wahojiwa ulichoelewa waseme kama ndivyo, kutafuta kwa makusudi mtu anayepinga maelezo yako, na kuweka kumbukumbu za kila uamuzi ili mwingine aweze kufuata nyayo zako. Tafuta hasa mtu anayetoa sana na hajawahi kukanyaga jumuiya. Yupo, mhazini anamjua bila kukutajia jina, na anaweza kukubali kuzungumza nawe akiombwa kupitia kwake.

Hata baada ya yote hayo, sentensi yako ya hitimisho itakuwa ndogo kuliko ya sasa. Kwa hojaji peke yake ningeandika hivi: "Miongoni mwa washarika waliokuwepo ibadani katika Jumapili mbili, waliosema wanahudhuria jumuiya mara nyingi walisema pia kwamba wanatoa zaidi, utafiti huu hauwezi kuonyesha kama jumuiya ndiyo sababu." Usiandike "Kanisa nchini Tanzania" pahali unapomaanisha usharika mmoja. Wasahihishaji hawamshushi mwanafunzi kwa kusema kipimo chake kinaishia wapi. Wanachokamata ni hitimisho lililozidi ushahidi.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi, utafute mtu wa kukaa naye. Kabla ya kupiga tena hesabu za uhusiano, nenda na hojaji tupu na faili lako kwa mtakwimu wa chuo, mwombe saa moja, na umwambie ukweli kuhusu namna watu walivyopatikana. Jumuiya moja ina watu wanaofanana, na hilo hubadilisha hesabu kwa namna inayohitaji kuonyeshwa mezani. Msimamizi wako umwendee wiki hii ukiwa na mpango wa ukurasa mmoja, kabla hujaanza chochote nilichokutajia, kwa sababu kurudi uwanjani kwa njia mpya huenda kukahitaji kibali cha nyongeza cha kamati ya maadili.

Na kwake yeye peleka suala la namba za bahasha bila kuchelewa. Imani ya mtu ni miongoni mwa taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wewe umeziunganisha imani, mahudhurio na fedha kwa namba inayomtambulisha mtu. Najua kishawishi kilichopo: kwa namba hizo ungeweza kwenda kwa mhazini ukaona nani alisema kweli. Usifanye hivyo. Hawakukuruhusu, na hilo halitakuwa utafiti tena. Mkubaliane na msimamizi namna ya kuziondoa namba hizo kwenye karatasi na kwenye faili la kompyuta, na hadi hapo karatasi zikae kwenye kabati lenye kufuli huko chuoni, mbali na ofisi ya usharika. Mchungaji au mzee akikuomba "kuzipitia kidogo tu", mjibu kwa heshima kwamba hazitoki, na kama atasisitiza, mwache msimamizi wako azungumze naye.